Jino Lililozama

Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa nilipomwangusha. Mimi nilikuwa na minane. Nasema nilimwangusha, ingawa kwa muda wa miaka mitano nyumbani kwetu neno lililotumika lilikuwa "alianguka", na aliyelileta neno hilo ni mimi.

Tulikaa Wamagana, upande wa Nyeri, kwenye shamba la mteremko, kahawa upande wa chini na migomba kule maji ya mvua yalikopita. Ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru. Baba alifanya kazi Nairobi na kuja mwisho wa mwezi. Mama alikuwa na kahawa, ng'ombe mmoja na sisi wawili. Nyanya yetu, mama mzazi wa baba, tuliyemwita cucu, alikuwa na nyumba yake hatua chache juu ya yetu, mahali ambapo angeweza kuona kila kilichotendeka uani ila asubuhi alipokwenda kukata majani ya ng'ombe.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipoangukia likizo, mtoto alikuwa wangu. Mama alimfunga mgongoni kwangu yeye mwenyewe, akaivuta mbeleko kifuani mpaka nikakohoa, na kila mara alisema maneno yale yale: "Usikimbie naye. Usiruke naye. Akilala, mlaze."

Siku hiyo binti ya jirani alikuja na kamba ya mkonge. Ncha moja tuliifunga kwenye mti wa uzio, ncha ya pili akaizungusha yeye, na mimi nikaruka. Niliruka na mtoto mgongoni. Alifurahi sana. Kila nilipotua alitoa kicheko kifupi kilichokatika, na pumzi yake ilinipiga shingoni. Nilihesabu mpaka kumi na saba. Kwenye ya kumi na nane kamba ilinishika kifundo cha mguu, nikaenda chini kwa magoti na viganja, mbeleko ikafunguka, naye akapita juu ya bega langu na kutua kwa mdomo kwenye jiwe la ngazi ya mlango wetu.

Kwanza hakulia. Alinitazama kama mtu anayengoja aelezwe. Kisha damu ikaja, halafu kilio.

Binti ya jirani alifungua kamba yake mtini na kwenda kwao. Mimi nilimkalisha mdogo wangu kivulini, nikamwosha kwa maji ya mtungi, nikampangusa kwa upindo wa gauni langu. Damu ilipopungua nilimwinua mdomo wa juu. Meno yake mawili ya mbele nilikuwa nayajua vizuri, maana aliniuma nayo mara nyingi. Sasa lilikuwapo moja. Mahali pa lile la kulia palikuwa na mpasuko tu, mwekundu, unaovuja.

Nilitafuta jino hilo kwa bidii ambayo sijawahi kutafutia kitu kingine. Nilitambaa uani, nikachekecha vumbi kwa vidole, nikafunua majani makavu kando ya ngazi, nikawatazama kuku miguuni. Sikuliona. Mwishowe nilikata shauri kwamba kuku mmoja amelimeza, na nilimchukia kuku huyo, jogoo mwenye shingo tupu, mpaka siku alipochinjwa.

Mama aliporudi kutoka kiwandani alikopeleka kahawa, nilikuwa nimeshajiandaa.

"Alianguka," nilisema. "Alikuwa anafukuza kuku, akajikwaa kwenye ngazi."

Ulikuwa uongo mzuri. Mtoto alipenda kweli kufukuza kuku, na maneno aliyoyajua hayakutosha kunikanusha. Mama alimkanda kwa maji vuguvugu ya chumvi. Cucu alishuka, akatazama, akasema, "Limeng'oka. Ni la utoto, litarudi wakati wake." Hakuna aliyefikiria hospitali. Hospitali ilikuwa ya kuungua moto na ya kifua.

Huenda ningesahau mapema, kama watoto wanavyosahau, lakini hatia ilinifanya nichungulie. Kila asubuhi kabla ya uji nilimwita mdogo wangu mlangoni kwenye mwanga na kumwinua mdomo. Siku za kwanza mdomo ulikuwa mnene, una rangi ya zambarau iliyoiva. Halafu uvimbe ulishuka, mpasuko ukajifunga, na nikaona jambo ambalo sikulielewa: ufizi wa pale, juu kidogo, ulikuwa umetuna upande mmoja. Nikiugusa, mtoto alirudisha kichwa nyuma. Sikumwambia mtu. Niliendelea kutazama.

Baada ya mwezi na nusu hivi, kwenye ufizi ule palitokea kitu cheupe, kidogo kama kichwa cha sindano ya kushonea magunia. Nilimbeba mdogo wangu mbio mpaka kwa cucu.

"Cucu, jino linaota."

"Jino gani?"

"Lile lililong'oka."

"Mtoto wa miaka miwili haoti jino la pili. Wewe umeona uji."

Alimchukua, akamgeuza kwenye mwanga, akakwaruza kile cheupe kwa ukucha. Akakifuta kwa kidole. Akakwaruza tena.

"Hili ni jino," alisema. "Basi halikung'oka."

"Lilikuwa wapi?"

"Ndani."

Kwake jibu lilikuwa limekamilika, akarudi kumenya njegere zake. Kwangu ndiyo kwanza maswali yalianza. Ndani wapi? Nilijipapasa ufizi wangu kwa ulimi siku nzima nikitafuta mahali ambapo jino lingeweza kuingia likajificha. Kama lilisukumwa juu kama msumari, lilikuta nini huko? Nafasi tupu? Mfupa? Na nani aliyelisukuma chini tena, wakati hakuna mtu aliyeligusa?

Lilishuka polepole. Kufikia mvua za vuli lilikuwa limefika kimo cha mwenzake, limepinda kidogo tu. Nilijiona nimesamehewa. Kisha likaanza kubadilika rangi: mwanzo kama maziwa yaliyotiwa matone ya chai, baadaye kama jivu. Likabaki hivyo, la kijivu, haliumi. Wageni walipokuja mdogo wangu aliachama bila kuombwa, kwa sababu alikuwa amezoea kutazamwa.

Hadithi ingeishia hapo kama angekuwa panya. Lakini binadamu hupewa meno mara mbili.

Alipofika miaka sita na kuanza shule, meno ya utoto yalianza kulegea. Yale ya chini yalitoka vizuri. La mbele kushoto lilitoka, na jipya likaja pana, jeupe, lenye ncha kama msumeno mdogo. Lile la kijivu lilikataa kutoka. Hatimaye cucu alilifunga uzi na kulivuta. Pengo likakaa miezi mingi. Nilianza tena ukaguzi wangu wa asubuhi, nikiwa sasa msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye angepaswa kuwa na shughuli nyingine.

Jino lilipochomoza lilikuwa limegeuka bega kidogo, na katikati ya uso wake palikuwa na baka la rangi ya kahawia ya njano, na chini ya baka hilo mfereji mwembamba uliokatiza jino kwa upana, kana kwamba mtu alilikata kwa ukucha lilipokuwa bado laini.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Jirani mmoja alisema ni maji, kwamba watu wa upande wa Naivasha wana meno ya namna hiyo. Lakini sisi hatukuwahi kunywa maji ya Naivasha, na isitoshe maji gani huchagua jino moja? Nililiuliza swali hilo kwa sauti na kuambiwa nisijibizane na wakubwa. Mwalimu wa mdogo wangu alisema ni uchafu. Katika ukaguzi wa Jumatatu alimtoa mstarini.

"Wewe, hii meno yako ulipiga mswaki lini?"

"Leo, mwalimu."

"Ati leo? Na hii ni nini? Enda huko kwa mfereji wa maji usugue mpaka iishe."

Alisugua kwa mchanga na kijiti mpaka ufizi ukatoka damu, na baka halikuisha. Tangu siku hiyo alijifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Mtoto aliyekuwa akiachama mbele ya wageni sasa aliongea akitazama chini.

Na cucu naye alikuwa na maelezo yake, ambayo hakuyasema mbele ya mama ila aliyasema mbele ya wanawake wa kanisa, na yakarudi nyumbani: kwamba mkaza mwanawe alikula udongo wa sokoni alipokuwa na mimba ya mtoto huyu, na sasa udongo umetokea kwenye jino. Mama alisikia. Niliona tu kwamba aliacha kumpelekea cucu maziwa kwa mkono wake mwenyewe, alinituma mimi.

Likizo ya Agosti mama alitangaza kwamba tunakwenda Nyeri mjini, kwa daktari wa meno. Mimi nilipelekwa kwa sababu mdogo wangu alikataa kwenda bila mimi.

Chumba cha meno kilikuwa mwisho wa veranda ndefu ya hospitali. Nilitarajia mzungu, au mzee. Tuliyemkuta alikuwa mwanamke kijana wa Kihindi, nywele zake amezisuka msuko mmoja mnene na kuuingiza ndani ya koti jeupe. Mama alianza kuongea naye kwa Kiswahili, akitafuta maneno, na yule daktari akamjibu kwa Kikuyu kilichonyooka kuliko cha mwalimu wetu. Alizaliwa hapo mjini, alituambia, juu ya duka la vitambaa la baba yake, na alilelewa mgongoni mwa mwanamke wa Kikuyu kutoka Tetu. Alisomea ng'ambo, akarudi. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Alimweka mdogo wangu kwenye kiti, akampa kioo kidogo chenye mpini akishike mwenyewe, akatazama kwa muda mrefu. Aligonga jino, akalikwaruza kwa chombo chenye ncha, akalinganisha na la pembeni. Kisha akauliza bila kugeuka:

"Mama, mtoto huyu aliwahi kuumia mdomo akiwa mdogo? Miaka miwili, mitatu?"

Nilirudi hatua moja kuelekea mlangoni.

"Aliwahi kuanguka," mama alisema. "Watoto wote huanguka."

"Jino la utoto la hapa lilivunjika?"

"Tulidhani liling'oka. Likarudi."

Daktari aligeuka. "Likarudi? Nani aliliona likirudi?"

Mama alinielekeza kidole. Basi nikaulizwa mimi, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nilimweleza yote: uvimbe wa rangi ya zambarau, ufizi uliotuna upande mmoja, siku ile cheupe kilipochomoza, mvua zilipofika na jino likafika kimo cha mwenzake, rangi ya chai kisha rangi ya jivu. Daktari alivuta karatasi akawa anaandika. Mara mbili alinisimamisha: "Lilituna upande huu, au huu?" "Ulikuwa unatazama kila siku? Kwa nini?"

Hilo la mwisho nililipita, nikarudi kwenye rangi ya jivu. Hakulifuata. Alikwenda kwenye kabati akaleta taya.

Lilikuwa taya la mtoto, la plasta, la kufundishia, na mbele lilikuwa limechongwa mfupa ukaondolewa ili ndani paonekane. Meno madogo ya utoto yalisimama kwenye mstari wake. Na juu yao, ndani ya mfupa, nyuma kidogo ya mizizi, yalikuwapo mengine: makubwa, yamebanana, vichwa tu bila mizizi, yamelala yakingoja. Sijui nieleze vipi nilichokiona. Kwa miaka mitano nilikuwa nikijiuliza huko ndani kuna nini. Kumbe kulikuwa na watu.

"Umri ule," daktari alisema, akiweka ncha ya kalamu kwenye taya, "jino kubwa bado linatengenezwa. Gome lake la nje halijawa gumu. Jino dogo likipigwa likaingia juu, mzizi wake unafika hapa. Unaona? Linamgonga mwenzake ambaye hajazaliwa. Kazi inasimama pale ilipofika, au inaharibika kidogo, halafu inaendelea. Jino likitoka miaka mitano baadaye, alama inatoka nayo."

"Kwa hiyo si maji," nilisema.

"Maji hayachagui jino moja."

"Wala si uchafu?" aliuliza mdogo wangu, na kioo bado mkononi.

"Si uchafu. Usilisugue kwa mchanga, utaumiza ufizi bure."

Mama alisogea karibu na taya. Kisha akauliza, taratibu sana, kama mtu anayevuka mto kwa mawe: "Na mama akila udongo wakati wa mimba?"

Daktari alimtazama. "Meno haya ya mbele yalianza kupata gome lake mtoto akiwa ameshazaliwa. Siwezi kuapa kwa kila kitu, mama. Lakini jino moja, na lile la utoto la chini yake lilipigwa: mimi ningesema ni kuanguka. Alianguka vipi?"

Mama aliniangalia ili nieleze kuhusu kuku na ngazi. Nilikuwa na uongo wangu tayari, umekaa miaka mitano bila kutu. Lakini nilikuwa nimetoka kumweleza mwanamke huyu ukweli kwa nusu saa, kila kitu kwa mpangilio, na yeye alikuwa ameuandika.

"Nilikuwa naruka kamba naye," nilisema. "Mgongoni. Nilijikwaa, akapita juu ya bega langu."

Kalamu ilisimama, halafu ikaandika. Mdogo wangu alinigeukia kwa mshangao, si kwa hasira. Yeye hakuwa na kumbukumbu yoyote ya siku hiyo. Daktari, kwa upole ambao nilikuja kuuelewa baadaye, alizungumza kana kwamba ameulizwa jambo la kawaida. Alisema hata kama mtoto angeletwa siku ile ile, huenda yeye asingefanya mengi. Angetazama kwamba mfupa haujavunjika, angemwambia mama asafishe na ampe vyakula laini, na kisha angengoja na kuangalia kama jino litashuka lenyewe. "Kuangalia ndiko alikofanya huyu dada yake," alisema. "Ila mtoto akigongwa mdomo mleteni, hata kama damu imekauka. Hata kama mnaona jino ni la utoto tu."

Siku hiyo alisafisha lile baka na kuziba mfereji kwa dawa nyeupe, ambayo alisema itabanduka baada ya muda na kurudishwa tena.

Mama alinisemesha tukiwa tumetoka, kwenye ngazi za hospitali. Nilitarajia kofi. Hakuinua mkono.

"Miaka hii yote naulizwa nilikula nini," alisema. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Sikujua kwamba ni hilo, mama. Sikujua jino la pili lilikuwa karibu hivyo."

"Ulijua kwamba ulimwangusha."

Hilo lilikuwa kweli. Alitununulia mkate, tukala tukiwa tumesimama, na kabla hatujaondoka mjini akasema, "Utakwenda kwa cucu wewe mwenyewe. Utamweleza kama ulivyomweleza daktari. Usiache kitu."

Nilikwenda jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya kilima. Cucu alikuwa anapeta maharagwe. Nilimweleza kuanzia kamba ya mkonge. Nilipofika kwenye taya la plasta aliacha kupeta, akaweka ungo chini.

"Yako juu ya mizizi?" aliuliza.

"Juu, na nyuma kidogo. Yamepangana."

Alijitia kidole mdomoni, akapapasa ufizi wake mahali ambapo hapakuwa na jino tangu kabla mimi sijazaliwa. "Na mtoto anapozaliwa, yapo?"

"Mengine yameshaanza, alisema."

Alikaa akilifikiria jambo hilo. Alikuwa amezaa watoto tisa na kuzalisha wa watu wengi, na nadhani ilimuuma kidogo kwamba kulikuwa na kitu ndani yao ambacho hakukijua. Hakunigombeza kwa uongo. Alisema tu kwamba wasichana wa siku zangu wana miguu mizito. Lakini asubuhi alishuka kwetu na kibuyu chake mkononi kuomba maziwa, akakaa jikoni na mama mpaka jua likawa kali. Waliyoongea sikuyasikia. Nilitumwa nje, na nilipochungulia nikaona mama anamimina chai mara ya pili.

Mdogo wangu alirudishiwa dawa ile nyeupe mara tatu au nne, kisha daktari akahama mji, na baka likajitokeza tena. Mdogo wangu hakuliziba kwa mkono tena. Watoto walipomuuliza aliwaambia kwamba jino lake liligongwa kabla halijazaliwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu la hapo, walimwacha. Mwalimu yule naye alielezwa. Alisema, "Sawa," na hakumtoa mstarini tena.

Mimi nikawa mwalimu wa darasa la kwanza, nikapanga nyumba Skuta, mtaa wa Nyeri, na kwa kazi hiyo nimetazama vinywa vingi. Nimeona mabaka meupe, ya njano, meno yaliyotoka yamegeuka kama mtu anayetazama nyuma, pengo ambalo jino lake lilikawia mwaka mzima. Huwauliza wazazi kama mtoto aliwahi kuanguka. Wengi hawakumbuki. Wachache hukasirika, wakidhani nawashtaki. Sikuwahi kumtoa mtoto mstarini kwa sababu ya jino.

Mdogo wangu alifungua duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Karatina. Alipofika miaka ishirini na kitu, jino lilianza kumsumbua, akaja Nyeri na kunipitia twende pamoja. Safari hii kulikuwa na daktari mwingine na mashine ya picha, ya eksirei. Picha ilikuwa kipande kidogo kama stempu ya barua. Daktari aliipachika mbele ya taa na kuguna.

Mzizi wa jino ulikuwa umepinda. Ulipanda sawa kutoka ufizini kwenda juu, halafu, mahali pale pale ulipotakiwa kuendelea, ukakata kona kama kiwiko. Miaka yote hiyo tulikuwa tukitazama baka, na hatukujua kwamba juu ya baka, ndani ya ufizi, kulikuwa na habari nyingine.

"Uliwahi kugongwa hapa?" daktari alimuuliza.

"Muulize huyu," mdogo wangu alisema. "Yeye ana kumbukumbu zote."

Nilieleza tena. Daktari aliweza kulitunza jino lile kwa muda, ingawa alisema kwa mzizi wa namna hiyo kazi ni ngumu na hawezi kuahidi. Mdogo wangu aliomba apewe picha. Tulipotoka alisimama kwenye veranda, akaiinua juu kwenye mwanga wa mchana, jicho moja amelifumba.

"Hebu nione," nilimwambia.

"Subiri," alisema. "Bado natazama."